Ada ya Kusema

Tulimzika Mzee Muriithi nyuma ya nyumba yake, Kerugoya, katika mvua isiyobagua mkubwa wala mdogo, kisha tukaketishwa chini ya turubai tukapewa wali na minji. Meza yangu ilikuwa na vijana wawili wa mahakama za siku hizi, waliotumwa kuwakilisha ofisi kwa sababu kule hakubaki mtu aliyemjua marehemu. Mmoja wao, msichana mwenye kucha ndefu na adabu nyingi, aliniuliza nilifanya kazi gani na mzee. Nikamwambia alikuwa mkubwa wangu masjala, pale faili za kesi zinapofunguliwa na kutunzwa, na kwamba kazi yangu ilikuwa kukadiria ada. "Kukadiria aje, shosho?" akasema, kama anayeongea na nyanya yake. "Si sistim inakuambia tu ni pesa ngapi, unalipa na simu?" Nikamjibu kwamba wakati huo sistim ilikuwa mimi na kalamu nyekundu. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, kisha akamnong'onezea mwenzake kwamba kumbe watu walikuwa wakipiga foleni dirishani na noti mkononi, kama wanaonunua tikiti za mpira. Sikukasirika. Nilikuwa nimelia asubuhi nzima, na kicheko cha mtoto wa watu hakiwezi kuniudhi siku ya kumzika Muriithi. Lakini nilirudi Nyeri nikiwa na mwaka mmoja tu kichwani, mwaka wangu wa kwanza kazini, na tangu siku hiyo sijaweza kuutoa.

Masjala yetu hapa Nyeri ilikuwa chumba kirefu chenye dari ya mbao na madirisha madogo, yaliyowekwa na fundi ambaye nadhani hakupenda jua. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, tulifanya kazi tukiwa na makoti, na Muriithi alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, ile iliyotoboka ikiwa ndani. Ukutani ilibandikwa karatasi ya ada iliyotoka juu, kwa wakubwa ambao hatukuwahi kuwaona. Kufungua kesi ni kiasi hiki, hati ya kiapo kiasi hiki, samansi kiasi hiki, ombi la haraka lina lake, na kila nakala ina yake. Mtu alinisukumia karatasi zake, nami nikazisoma nikitafuta anaomba nini, maana kila unachoomba mahakamani kina bei. Kisha nikajumlisha, nikaandika jumla pembeni na kuweka sahihi yangu fupi. Yeye akaichukua hadi dirisha la keshia, akalipa, akapewa risiti, akarudi nayo, ndipo nikagonga muhuri na kuipa kesi nambari. Kabla ya risiti hakuna kesi. Unaweza kuwa umepigwa, umenyang'anywa, umeonewa tangu utotoni, na mahakama haikujui. Muriithi alinifundisha hilo asubuhi ya kwanza, akipuliza chai yake. "Wairimu, hapa mkono mtupu haulambwi. Si mimi nimesema, ni hiyo karatasi ya ukuta." Nilikuwa kijana, nilijua kujumlisha haraka, na niliipenda sana ile kalamu. Nilidhani kazi yangu ni hesabu.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Shiru, mkabala na mahakama. Kilijengwa kwa zile mbao za pembeni zinazotupwa na viwanda vya kupasua miti, zenye magome bado, na kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha kidole. Niliziba kwa magazeti na uji wa ngano, baridi ikapungua, lakini sauti hazikupungua hata kidogo. Ukuta huo ndio ulionisomesha. Upande wa pili watu wa kesi walikula githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi na kunywa chai ya maziwa, na Ijumaa kulikuwa na chapati, na kila mtu alimwambia jirani yake mambo ambayo asingemwambia hakimu. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa mifugo kutoka Nanyuki, mzee wa kofia safi, aliyekuja kumfuata mtu aliyemwibia ng'ombe huko Doldol na kutaka kumdai. Alikuwa ametoka kwangu na karatasi yenye wino mwekundu. "Ng'ombe moja imeibiwa," aliwaambia watu wa meza, "sasa mahakama nayo inataka ya pili." Hoteli nzima ilicheka, nami nikacheka huku kwangu nikiwa nimejifunika blanketi. Mama Shiru akamwambia ale, kwa kuwa githeri bado haijawekewa ada. Baadaye, chai ilipopoa, nilimsikia yule mzee akisema polepole kwamba ataiacha tu. Hakurudi dirishani. Ndiyo mara ya kwanza nilipowaza juu ya karatasi zangu zinazoondoka na zisirudi, zikiwa zimekunjwa kwenye mifuko ya makoti ya watu huko milimani.

Ilikuwa katika baridi hiyo alipoingia Mama Nyawira. Alikuwa ametoka Chaka, na kabla ya kuingia niliona kupitia dirishani akiosha gambuti zake, zile buti za mpira, kwenye bomba la uani, moja baada ya nyingine, kana kwamba anaingia kanisani. Mumewe alikuwa amefariki muda si mrefu. Shemeji yake, Gathogo, alichukua hati ya shamba baada ya mazishi akisema anaiweka salama, na sasa alikuwa amepata mnunuzi wa nusu ya chini, ile ya karibu na mto, inayotoa viazi na majani ya ng'ombe. Ile iliyobaki juu ni mawe na upepo. Bodi ya ardhi ilikuwa ikae mwisho wa mwezi, na bodi ikishakubali, shamba limekwenda na watoto wake watatu watakula mawe. Alikuwa ameandikiwa karatasi zake na mchapaji wa ng'ambo ya barabara, zikiomba mahakama imzuie Gathogo na imtambue yeye kuwa msimamizi wa mali ya mumewe. Nilizisoma, nikajumlisha, nikaandika. Aliangalia ile jumla kwa muda, kisha akaweka kidole juu yake. "Hii yote ni ya nini, madam?" Nikamweleza kimoja kimoja. Nilipofika kwenye samansi alinisimamisha. "Hii ni ya kuita shemeji yangu? Nilipe ndio aitwe? Na tunakaa boma moja, mimi naweza kumwita nikiwa jikoni."

Muriithi alicheka kidogo, akaja dirishani mwenyewe na sweta zake mbili. Alimwambia kuna njia nyingine. Sheria inamruhusu mtu asiye na kitu kufungua kesi bila ada. Anaandika kila alicho nacho, anashika Biblia mbele ya hakimu, anaapa kwamba yeye ni maskini, na mlango unafunguliwa. Mama Nyawira alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, halafu akazivuta karatasi zake upande wake. "Mimi si maskini," akasema. "Niko na ng'ombe mbili." Muriithi akamwambia hizo ni mali ya marehemu, na hata hivyo ng'ombe wawili si utajiri, hakimu ataelewa. "Hakimu ataelewa. Na Mungu? Nishike Bibilia niseme ati sina kitu, na nimeacha watoto nyumbani, nimeacha ng'ombe zikikula? Atasema sawa, umesema huna, basi usikuwe na kitu." Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayekueleza kwa nini hapandi viazi mwezi fulani. Nikamwambia, kwa ile akili yangu ya kujumlisha, basi auze ng'ombe mmoja. Muriithi alinigeukia mbele ya watu. Mpaka mahakama imtaje msimamizi, hakuna anayeruhusiwa kuuza mali ya marehemu, si shamba wala kuku, na hilo ndilo kosa analomshtakia Gathogo. "Akiuza hiyo ng'ombe, Wairimu, tutakuwa na wezi wawili kwa faili moja." Mama Nyawira akaitikia kwa kichwa, maana hilo alikuwa analijua kabla yetu. Akatoka na karatasi yake. Muriithi alikaa akitazama mlango. "Ati maskini hana miiko," akasema. "Aliyesema hivyo hakufanya kazi kwa masjala."

Nikiwaza sasa, naona Muriithi hakuwa mtu laini. Hakusamehe senti ambayo karatasi ya ukuta ilidai, na alinizuia nisiyumbe. Lakini alikuwa na desturi ya kuinuka kila alasiri, kabla ya dirisha kufungwa, na kusimama mlangoni kuangalia kama kuna mtu anayekuja mbio. Mwanzoni niliona kwamba anapoteza muda. Wiki ile nilianza kusimama naye.

Habari nilizipata kwa ukuta. Mama Shiru alikuwa amesoma na Mama Nyawira darasa moja, na siku moja jioni, wateja wakiwa wameondoka, niliwasikia wanawake watatu wanne wakibishana huku wakichambua maharagwe. Kwetu tunachanga. Mtoto akiitwa shule ya mbali tunachanga, mtu akilazwa tunachanga, akifa tunachanga zaidi. Lakini ni nani amewahi kuchangiwa ili amshtaki ndugu wa mumewe? "Harambee ya kesi? Hiyo haijawahi," alisema mmoja. "Hata kasisi atatuuliza." Mama Shiru akajibu kwamba hakuna aliyetaja harambee. "Ni chai. Mtu hawezi kualika watu chai kwake?" Basi ikawa chai. Neno kesi halikutajwa popote. Waliambiana sokoni na baada ya ibada, kuja ukunywe chai kwa Mama Nyawira Jumamosi, na kila aliyeambiwa alijua ni chai ya namna gani, na kutoka Chaka hadi Kiganjo hakukuwa na asiyejua. Mama Shiru akanialika na mimi. Nilipomwomba Muriithi ruhusa alifikiri sana. "Enda," akasema. "Menya viazi, osha vikombe. Lakini usiweke kitu mezani. Mkono unaoandika ada haulipi ada."

Kwa hiyo nilimenya viazi. Jiko la Mama Nyawira lilikuwa nyumba ndogo ya mbao iliyojaa moshi, na tulikuwa wanawake wengi ndani yake tukiponda viazi na mboga za mukimo kwa zamu, macho yakitoka machozi, tukisema mambo yasiyofaa kuandikwa. Nje, meza ilitandikwa kitambaa cha kufuma na sinia juu yake. Mtu akiitwa alisimama, akaweka chake kwenye sinia, mwita majina akatangaza kiasi, watu wakapiga makofi. Mimi nimehudhuria michango mingi tangu hapo, ya madaraja na ya maaskofu, na naijua sheria yake ambayo haijabandikwa kwenye ukuta wowote, kwamba aliyekuja kwako utakwenda kwake. Si mkopo, na hakuna anayeandika. Lakini ukiwekewa na usirudishe, watu watakusalimu kwa vidole viwili maisha yako yote. Mchango ulikuwa umefika katikati, na hesabu yangu ya siri jikoni iliniambia bado haujafika ile jumla ya wino mwekundu, Gathogo alipoingia langoni.

Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti la mazishi ya kaka yake. Makofi yalikatika. Yeye akasalimu kila mtu kwa mkono, wazee kwanza, akaketi mahali palipotengwa kwa mume wa nyumba alipokuwa hai, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kukaa hapo. Alipoitwa, na mwita majina aliita kwa sauti ndogo sana, alisimama akavua kofia. "Bibi ya ndugu yangu ameita watu chai. Mimi nikikosa, mtasema nini? Mtasema marehemu hakuwa na ndugu." Akaweka kiasi kikubwa kuliko wote. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, kwamba hakuwa na namna ya kutokuja. Madai yake yote juu ya lile shamba yalitokana na kuwa ndugu, na ndugu hakosi chai. Lakini vilevile alikuwa amejinunulia kitu, kwa sababu sasa watu wote wameona jinsi anavyomtunza mjane. Jikoni wanawake walichemka kuliko sufuria. Mama Shiru alitaka pesa zile zirudishwe siku hiyohiyo, zitupwe hata langoni. "Anakununua na wewe unapiga makofi." Mama Nyawira alikuwa akikoroga chai. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba bila mkono wa Gathogo ada haitimii, na bodi inakaa wiki inayofuata. "Pesa ikiwekwa kwa meza ya watu haina mwenyewe tena," akasema. "Ni ya chai. Pelekeni vikombe." Nilimwogopa kidogo siku hiyo, na nilimpenda.

Jumatatu alikuwa dirishani kabla keshia hajafungua. Niligonga muhuri kwenye karatasi zake kwa nguvu hata Muriithi akaniuliza kama naua nyoka. Hakimu alisoma ombi, akatoa amri kwamba shamba lisiguswe na bodi isilijadili mpaka pande zote zisikilizwe, na Gathogo akapelekewa samansi na muda wa kujibu. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Muriithi alinikumbusha methali anayoijua kila mtu na asiyoifuata mtu, kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kikapu ukavune. Akaniambia nichukue jembe langu.

Gathogo hakujibu. Siku zikapita, faili yake ikabaki nyembamba, na kila nilipoifungua nilikuta karatasi za upande mmoja tu. Sababu nilizisikia siku ya soko, nikiwa nala hotelini kwa Mama Shiru na yeye akiwa meza ya pili na wenzake. Walikuwa wakimuuliza mbona hajaenda kuweka jibu. "Nimeenda. Nimeambiwa jibu iko na ada," akasema. "Mimi nilipe ndio niongee mambo ya kwetu? Shamba ambayo nilizaliwa nikiona? Wakitaka nikae kimya nitakaa." Wazee wakaitikia. Hawakuwa wakijifanya. Kwao kulipa ili useme juu ya boma lako ilikuwa aibu, kama vile kulipa ili uingie kwako. Nilikumbuka mwanamke aliyekataa kuapa kuwa maskini, nikaona hawa wawili, pamoja na ugomvi wao, wametokana na shamba moja kweli.

Muda ulipokwisha, Mama Nyawira alikuja masjala kuuliza kinachofuata. Muriithi alimweleza waziwazi. Upande wa pili haukujibu, kwa hiyo anaweza kuomba kesi iendelee bila wao, hakimu asome yaliyopo, na uwezekano mkubwa atashinda bila mtu kufungua mdomo. Nilikuwa nimeshashika kalamu kumkadiria ombi hilo. Yeye akakaa kwenye benchi la ukutani na mkoba wake mapajani, akakaa mpaka watu wa asubuhi wakaisha. Kisha akaja kwangu. "Na yeye, yake ya kuongea ni pesa ngapi?" Nikafikiri sijamsikia vizuri. Akarudia. Nikamwambia. Muriithi akauliza, akiwa amesahau ukali wake wote, "Mama, unataka kumlipia mtu unayemshtaki?" Alijibu akitazama mikono yake. "Alikuja kwangu akaweka mkono. Kwetu inarudishwa. Na tena nikishinda mtu amenyamaza, mimi na watoto tutakaa na hiyo kimya yake hapo kwa fensi mpaka tufe. Nataka aseme. Nataka nisikie akisema shamba ni ya nani." Muriithi alimwambia tu kwamba anaweza kupoteza. "Najua," akasema.

Mama Nyawira alimkuta Gathogo hotelini siku ya soko iliyofuata, nami nilikuwapo na sahani yangu. Hakuketi. Aliweka noti karibu na kikombe cha Gathogo, mbele ya wazee wake wote. "Baba Kamau," akamwita kwa jina la mwanawe, "ulikuja kwangu. Mimi nimekuja kwako." Gathogo akamuuliza hizi ni za nini. "Za kuongea. Karani ameniambia ni ngapi." "Mimi siwezi kulipiwa na mwanamke," akasema Gathogo. "Na mimi niliweza kulipiwa na wewe." Gathogo aliwatazama wenzake mmoja mmoja, lakini kila mmoja alikuwa ameona kitu cha muhimu sana ndani ya kikombe chake. Kuukataa mkono wa mtu mezani ni kumwambia hamjuani. Angefanya hivyo, ule undugu aliouleta kwenye sinia mbele ya watu wote ungekuwa uongo. Akachukua zile noti. Alasiri hiyo alisimama mbele ya dirisha langu na jibu lililochapwa ukurasa mmoja, nikamwandikia ada yake.

Kesi ilisikilizwa mvua za vuli zilipoanza. Nilijitafutia faili ya kupeleka chumba cha kusikilizia kesi ili nisimame karibu na mlango. Hakukuwa na mawakili. Gathogo alipanda kizimbani, akashika Biblia, na hakimu, mwanamke mtulivu mwenye miwani, akamuuliza kabla ya yote shamba lilikuwa la nani. Gathogo aliirudisha Biblia mahali pake. "Ni ya ndugu yangu," akasema. Watu wakapumua. Mimi nilidhani yameisha. Lakini yeye aliendelea kusimama. "Lakini nimelipiwa niongee, wacha niongee. Ile miaka alikuwa mgonjwa, nani alilima? Ni mimi. Nani alimbeba hospitali na mkokoteni usiku, mvua inanyesha? Alipokufa, watu wote walimwambia mama pole. Mimi hakuna mtu aliniambia pole. Nilizika ndugu, nikaenda nyumbani, nikakaa. Nikasema sawa, shamba itaniambia pole." Hakimu akamgeukia Mama Nyawira, akamuuliza kama hayo ni kweli. Alisimama. "Ni kweli. Yote. Hata mimi sikumwambia." Akamtazama shemeji yake, si hakimu. "Pole, Baba Kamau." Nililia pale mlangoni na faili ya mtu mwingine kifuani. Sikuona aibu wakati huo, na sasa ndiyo sioni kabisa. Mwaka mzima nilikuwa nimeandika bei ya mlango, na sikuwahi kufikiri kilichokuwa ndani.

Mama Nyawira alitajwa kuwa msimamizi, hati ya shamba ikarudi, na mnunuzi akarudishiwa malipo yake ya kwanza. Mjane mwenyewe aliomba iandikwe kwenye hukumu kwamba Gathogo ataendelea kulima kipande cha kando ya mto muda wote wa uhai wake. Muriithi alisoma hukumu hiyo masjala kwa sauti, mara mbili, kisha akaenda kusimama mlangoni. Sikumwuliza anamngoja nani.

Kabla ya mwaka kwisha walikuja pamoja kuchukua nakala yenye muhuri, ile ambayo mtu huiweka ndani ya sanduku na kuwaonyesha wajukuu. Nayo ina ada, ukurasa kwa ukurasa. Nilijumlisha, nikaandika, nikaisukuma kupitia nafasi ya chini ya dirisha. Gathogo alikuwa tayari ametia mkono mfukoni. "Hii hapana," akasema Mama Nyawira. Gathogo akauliza kwa nini, si wao ni watu wa boma moja, si hata ile ya chai alitoa. "Ile ya chai ilikuwa ya watu wote. Hii ukitoa ni yako peke yako, na hii karatasi ndiyo inasema mimi nakaa wapi. Nitakuwa nikiisoma nikiona mkono yako." Alifungua leso yenye pesa za maziwa. Gathogo aliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akasogea kando, akamwachia njia ya kufika kwa keshia.